Kihansi: maji yaliyogawiwa kabla ya korongo kuchunguzwa

Ukilipima bwawa la umeme la Kihansi, nchini Tanzania, kwa vigezo ambavyo wapinzani wa mabwawa huvitumia siku zote, ni vigumu kulilaumu. Halikuzamisha mji wala bonde la mashamba. Ukuta wake una kimo cha mita 25 tu, na ziwa lililo nyuma yake lina eneo la hekta 26 hivi, kiasi ambacho shamba moja la chai kule Mufindi hukipita kwa mbali. Hata hivyo mitambo yake mitatu, kila mmoja wa megawati 60, huzalisha hadi megawati 180. Mtera, kwa kulinganisha, limefunika zaidi ya kilomita za mraba 600 za ardhi ya Dodoma na Iringa, na kituo chake hutoa megawati 80. Ni kweli kwamba kazi kubwa ya Mtera ni kulihifadhia maji bwawa la Kidatu, kwa hiyo ulinganisho huu haulitendei haki kikamilifu, lakini mhandisi aliyeletewa ramani hizi mbili mwanzoni mwa miaka ya 1990 hakuhitaji kufikiri sana kabla ya kuchagua.

Siri ya Kihansi ni mteremko. Mto huu hukusanya maji yake kwenye nyanda za juu za Udzungwa, upande wa Mufindi na Kilolo, kisha hufika ukingoni mwa milima na kuanguka katika korongo jembamba lenye maporomoko yanayofuatana, hadi kwenye bonde la Kilombero. Tofauti ya kimo kati ya bwawa na mitambo ni takribani mita 850. Badala ya kuyaacha maji yajiporomokee yenyewe, mradi uliyakinga juu ya korongo, ukayapitisha ndani ya mwamba hadi kwenye kituo kilichochimbwa chini ya ardhi, na ukayarudisha mtoni baada ya kuzungusha mitambo. Hakuna tone linalopotea. Sehemu pekee inayokosa maji ni kipande cha mto kilichorukwa, yaani korongo lenyewe, na kabla ya ujenzi korongo hilo lilionekana kuwa mahali pasipo na mtu, pasipofikika kwa urahisi, na pasipo na thamani ambayo mtu angeweza kuiandika kwenye hesabu za mradi.

Kisa chote kinatokana na kipande hicho cha mto. Kwa kawaida Kihansi husimuliwa kama ugomvi wa umeme na chura mdogo aliyekutwa korongoni humo, na kwa mtazamo wangu usimulizi huo umewapotosha watetezi wa chura na watetezi wa umeme kwa kiasi kilekile. Kilichoamua matokeo ni mpangilio wa maamuzi. Maji ya korongo yalikwisha kupata mwenyewe, kwa mkopo na kwa mkataba, kabla ya mtu yeyote kushuka korongoni na kuangalia nani mwingine alikuwa akiyatumia.

Ni lazima kukumbuka hali ya nchi wakati ule. Tanzania ilitegemea maji kwa sehemu kubwa kabisa ya umeme wake, na ukame wa mwanzoni na katikati ya miaka ya 1990 uliileta nchi kwenye mgao ambao watu wa Dar es Salaam wanaukumbuka hadi leo. Viwanda vilisimama, na serikali ilianza kutafuta umeme wa dharura wa mafuta kwa mikataba ambayo baadaye iligeuka kuwa kashfa za miaka mingi. Katika mazingira hayo, mradi wa megawati 180 usiohitaji kuhamisha maelfu ya watu ulikuwa habari njema kwa kila aliyekaa mezani. Benki ya Dunia iliuingiza kwenye mpango wake wa sita wa umeme kwa Tanzania, ulioidhinishwa mwaka 1993, na wafadhili wengine wakiwemo Norwei, Uswidi, Ujerumani na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya walichangia. Ujenzi ulianza katikati ya muongo huo, na mtambo wa kwanza ulikuwa tayari kuelekea mwisho wa mwaka 1999.

Tathmini ya mazingira ilifanyika. Hili lisemwe waziwazi, kwa sababu wapo wanaodhani kwamba Kihansi ilijengwa bila tathmini yoyote. Tatizo ni kwamba tathmini hiyo iliangalia zaidi yale ambayo tathmini za wakati huo zilizoea kuyaangalia: eneo la ziwa, barabara, kambi za wafanyakazi, afya ya wenyeji, misitu inayokatwa. Korongo lenyewe, ambalo ndilo lililokuwa linakwenda kupoteza sehemu kubwa ya mto wake, halikuchunguzwa kwa undani. Kuta zake ni za mwamba mkali na njia ya kuingia ilikuwa shida. Nchi nayo haikuwa bado na sheria kamili ya mazingira ambayo ingemlazimisha mwendelezaji kurudi na kuchunguza upya. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, lilikuwepo tangu miaka ya 1980, lakini lilikuwa na uwezo wa kushauri kuliko wa kuzuia.

Wafadhili walidai ufuatiliaji wa muda mrefu wa mazingira uende sambamba na ujenzi, na ni katika ufuatiliaji huo, mwaka 1996, watafiti walishuka korongoni na kukuta kitu ambacho sayansi haikuwa imekiandika popote. Pembeni mwa maporomoko, mahali ambapo nguvu ya maji yanayoanguka hurusha manyunyu na upepo mchana na usiku, kulikuwa na vipande vya majani na mimea midogo inayotanda juu ya mwamba, vilivyolowa mwaka mzima, eneo ambalo kwa jumla halikufika hata hekta mbili za maana, na ndani yake waliishi maelfu ya vyura wadogo wa rangi ya dhahabu, wasiozidi urefu wa sentimita tatu. Chura huyo hatagi mayai majini kama wengi tuwajuao. Huzaa watoto walio hai. Maelezo rasmi ya kisayansi yalichapishwa mwaka 1999 na kundi la watafiti akiwemo Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na jina alilopewa, Nectophrynoides asperginis, linamtaja kwa manyunyu aliyoyategemea. Hakuna mahali pengine duniani alikopatikana. Baadaye korongo hilohilo lilitoa pia aina mpya ya mti wa kahawa wa mwituni, Coffea kihansiensis, na hilo linatosha kuonyesha kwamba chura hakuwa ajabu la pekee bali alama ya mahali palipojitenga kwa muda mrefu sana.

Jiulize sasa mtu mwenye mamlaka angeweza kufanya nini na taarifa hiyo mwaka 1996 au 1997. Mkopo ulikwisha kuidhinishwa. Wakandarasi walikuwa kazini. Mitambo ilikuwa imechaguliwa kwa kiasi cha maji kilichokadiriwa, na marejesho ya mkopo yalikuwa yamekokotolewa kwa umeme ambao maji hayo yangezalisha. Wastani wa mto ulikuwa takribani mita za ujazo 16 kwa sekunde. Kwa mteremko wa mita 850, kila mita moja ya ujazo kwa sekunde ina thamani ya megawati 7 hivi. Aliyetaka korongo liachiwe, tuseme, mita nne za ujazo kwa sekunde, alikuwa anaomba kituo kipunguze kiasi cha megawati 28 wakati wa kiangazi, yaani wakati uleule ambao nchi ilikuwa gizani. Hesabu ya aina hii ina nguvu kuliko ripoti yoyote ya kibaolojia. Lau ingefanywa mwaka 1991, ikiwa na chura upande mmoja na megawati upande mwingine, huenda mradi ungesanifiwa kwa mitambo midogo zaidi, au kwa mgawanyo wa maji unaofuata majira. Ilipofanywa mwaka 1998 haikuwa tena hesabu ya kuchagua bali ya kujutia.

Matokeo yalikuwa mafupi na ya haraka. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo mwaka 2000, korongo lilipoteza karibu asilimia 90 ya mtiririko wake. Manyunyu yalikoma katika sehemu nyingi, majani ya kinamasi yalianza kukauka, na mimea ya maeneo makavu iliingia. Shinikizo la mashirika ya mazingira ya nje lilipanda, na Benki ya Dunia, ambayo kanuni zake yenyewe zinakataza kufadhili uharibifu wa makazi asilia yenye umuhimu wa pekee, ilijikuta ikitetea mradi ambao umekwisha kukamilika.

Ufumbuzi uliopatikana ulikuwa wa kihandisi. Kiasi kidogo cha maji, ambacho hatimaye kiliwekwa katika haki ya maji, yaani kibali cha kisheria kinachoamua nani apate maji kiasi gani, kwa kiwango cha kati ya mita za ujazo 1.5 na 2 kwa sekunde, kiliachwa kipite mtoni, na kwenye vipande vya kinamasi yalitandazwa mabomba yenye vinyunyizio vinavyoendeshwa kwa mteremko wa maji yenyewe, ili kuiga manyunyu ya maporomoko. Wakati huohuo, mwishoni mwa mwaka 2000, vyura 499 walisafirishwa hadi Marekani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx jijini New York, kuwa akiba endapo korongo lingeshindwa.

Vinyunyizio vilifanya kazi, kwa muda. Vinyunyizio hurejesha unyevu; havirejeshi upepo wa maporomoko, baridi yake, wala udongo laini uliokuwa ukiletwa na manyunyu, lakini idadi ya vyura ilipanda tena na kufikia takribani 20,000 katikati ya mwaka 2003. Waliokuwa na shaka walianza kunyamaza. Kisha, ndani ya miezi michache ya mwaka huohuo, vyura walitoweka. Ilipofika Januari 2004 walioonekana walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Miaka miwili mitatu baadaye hakukuwa na hata mmoja, na mwaka 2009 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilimtangaza chura wa Kihansi kuwa ametoweka porini.

Ni nini kilichowaua? Mjadala wa kitaalamu haujafungwa, na mtu anayetoa jibu moja la uhakika anastahili kutiliwa shaka. Katika mizoga ilikutwa kuvu aina ya kitridi, ambayo imeangamiza vyura katika mabara kadhaa. Wakati idadi yao ilipoporomoka, milango ya chini ya bwawa ilikuwa imefunguliwa kusafisha tope, na tope hilo lilishukiwa kubeba mabaki ya viuatilifu kutoka mashambani juu ya mto. Wapo waliosema kwamba kuvu ingeingia hata kama bwawa lisingejengwa, kwa hiyo bwawa halina hatia. Hoja hii ina ukweli ndani yake, lakini nadhani inavuka haraka jambo moja. Jamii ya viumbe iliyobanwa kwenye eneo dogo lisilofika hekta mbili, inayoishi kwa bomba, katika mazingira yaliyobadilika ghafla miaka mitatu tu nyuma, haina pa kukimbilia wala nafasi ya kukosea. Kuvu inaweza kuwa ndiyo iliyomaliza. Bado inabaki kuuliza nani aliyemfikisha chura kwenye hali ya kumalizwa na pigo moja.

Suala la tope lina upande wa siasa ambao husahaulika kwa sababu hauko kwenye bwawa. Juu ya mto, kwenye mabonde ya Mufindi na Kilolo, wakulima hulima vinyungu, bustani za kiangazi kwenye ardhi chepechepe, ambazo kwa familia nyingi ndizo zinazolisha nyumba na kulipa ada za shule mvua inapokatika. Kilimo hiki hutumia maji ya chanzo, na dawa za wadudu huishia mtoni. Mradi wa usimamizi wa mazingira wa Kihansi, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia tangu mwaka 2001, uliwafuata wakulima hawa na kuwataka waache au wabadilishe kilimo ili kuokoa maji. Kwa mtazamo wa hifadhi ya chanzo, ombi lilikuwa na mantiki. Kwa mtazamo wa mkulima, lilikuwa na sura ya ajabu: maji anayoombwa kuyaacha yanakwenda kwenye mitambo ya umeme unaosafirishwa kwa njia za kilovolti 220 hadi Kidatu na Iringa na kuingia gridi ya taifa, na sehemu ndogo tu inakwenda korongoni. Katika mlolongo mzima wa Kihansi, mwenye kinyungu ndiye aliyeombwa kujinyima akiwa hana mkopo wa kulipa wala umeme wa kuuza.

Hapa nyumbani, gharama za kuwatunza vyura nje ya nchi na kuwarudisha ziligeuka kichekesho cha vijiweni na swali la wabunge. Inakuwaje nchi isiyo na dawa za kutosha zahanati ilipe kusafirisha vyura kwa ndege? Kiswahili kina methali isemayo kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, na wanasiasa wetu huipenda wanapotaka kuwanyamazisha wakosoaji. Kihansi iliipa methali hiyo maana ya moja kwa moja ambayo hakuna aliyeitarajia. Lakini swali la wabunge lilikuwa la haki, na jibu lake halikutolewa vizuri. Fedha zilizotumika baada ya mwaka 2000, kwa vinyunyizio, kwa maabara, kwa vizimba, kwa safari, zilikuwa bei ya uchunguzi ambao haukufanywa kabla, na mwenye kuilipa hakuwa yule aliyeokoa gharama mwanzoni.

Bronx pia haikuwa njia rahisi. Idadi ya vyura kule ilishuka vibaya miaka ya mwanzo, kwa magonjwa na kwa kutojua mahitaji yao, kabla wataalamu hawajapata namna ya kuwazalisha, wakisaidiwa na bustani ya wanyama ya Toledo katika jimbo la Ohio. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Dar es Salaam na kuwekwa katika kituo maalumu cha Chuo Kikuu, na mwaka 2012 wa kwanza walirudishwa korongoni. Tangu hapo urejeshaji umeendelea kwa awamu. Kwa mnyama aliyetangazwa kutoweka porini, kurudi katika makazi yake ni jambo la nadra sana kati ya viumbe jamii ya vyura, na wataalamu wa Kitanzania walioisimamia kazi hiyo wanastahili heshima wanayopewa kwenye mikutano ya kimataifa kuliko dhihaka walizopewa nyumbani. Hata hivyo kuvu iko palepale, na vinyunyizio navyo havijaondolewa. Chura wa leo wa Kihansi anategemea fundi wa mabomba.

Kuna faida ya kisheria iliyotokana na haya yote, ingawa si haki kusema kuwa Kihansi peke yake ndiyo iliyoizaa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 iliifanya tathmini ya athari kwa mazingira kuwa sharti kabla ya mradi kuanza, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 ilitambua kwamba mto wenyewe una haki ya kubakiwa na maji kwa ajili ya ikolojia kabla ya watumiaji wengine kugawiwa. Kwenye karatasi, mpangilio uliokosewa Kihansi umenyooshwa. Kwa vitendo, bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lilijengwa kwa kasi na kwa ari ya kisiasa ambayo ilimwacha mkosoaji na nafasi finyu, na hapo utaona kwamba sheria nzuri haimlazimishi mwenye nguvu kusubiri matokeo ya uchunguzi.

Lakini bwawa hilohilo la Nyerere limebadilisha hesabu ya Kihansi kwa namna ambayo, kwa kadiri ninavyoona, haijapewa uzito unaostahili. Lina uwezo wa megawati 2,115 na hifadhi ya zaidi ya mita za ujazo bilioni 30. Baada ya mitambo yake ya kwanza kuanza kazi mwaka 2024, taarifa za Tanesco zilieleza kwamba umeme ulikuwa ukizidi mahitaji hadi baadhi ya vituo vya maji kuzimwa kwa vipindi. Hoja iliyolinyima korongo maji mwaka 1998, kwamba kila mita moja ya ujazo inahitajika kupambana na mgao, haina tena uzito uleule. Zaidi ya hapo, maji ya Kihansi huingia Kilombero, na Kilombero ndiyo inayoleta zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji. Kwa hiyo maji yatakayoachwa yapite korongoni hayapotei kwa taifa, yatafika Rufiji na kuzungusha mitambo kule.

Mabadiliko yanayohitajika hayahusu majira ya mvua. Ziwa la Kihansi ni dogo mno kuhifadhi mafuriko, na mto ukijaa, maji ya ziada humwagika yenyewe juu ya ukuta na maporomoko hurudi kwa muda. Tatizo ni kiangazi, ambapo mtiririko unashuka chini ya uwezo wa mitambo na kila kinachozidi haki ndogo ya korongo huingia handakini. Kuongeza mita mbili za ujazo kwa sekunde katika miezi hiyo kungegharimu megawati 14 au 15 hivi pale Kihansi, chini ya asilimia moja ya uwezo wa bwawa la Nyerere pekee. Hakungeondoa kuvu. Kungerudisha sehemu ya upepo na manyunyu ambayo bomba haliwezi kuyatengeneza, na kungewapa watafiti jibu la swali ambalo halijawahi kujaribiwa kwa muda wa kutosha: chura anayepata mto wake, badala ya vinyunyizio, anastahimili maradhi kwa kiasi gani. Haki za maji hupitiwa upya, na mamlaka ya kuzipitia yako Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji pamoja na wizara. Mwombaji wa kwanza anaweza kuwa Tanesco yenyewe, ambayo leo, tofauti na miaka ya 1990, ina umeme wa kuachia.